Mtoto wa kaka yangu anasoma kitabu cha yatima anayetoroka na sanduku lake, nimwache aendelee?

MamaNeema_GR

Habari zenu wapendwa, naomba mawazo yenu maana hili jambo limenikosesha usingizi. Niko Grand Rapids, Michigan, mwaka wa sita sasa, tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Nina watoto wangu wawili na wa tatu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka 10, baba yake na mama yake wote walishatangulia. Mbele za watu ananiita mama, tukiwa ndani ananiita shangazi, na mimi nimemwachia hivyo hivyo.

Shuleni wamepewa kitabu kinaitwa Bud, Not Buddy, cha Christopher Paul Curtis. Ni hadithi ya mtoto mweusi wa miaka 10 anaitwa Bud, yuko mji wa Flint, huku huku Michigan, mwaka 1936 wakati ule wa njaa na kukosa kazi Marekani nzima, mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 6. Anatolewa kwenye nyumba ya yatima anapelekwa kwenye familia ya kumlea, huko mtoto wa wenye nyumba anamchomeka penseli puani akiwa amelala halafu anayefungiwa kwenye banda gizani ni Bud, sio aliyemchokoza. Basi anatoroka. Anabeba sanduku lake limefungwa kamba, ndani kuna blanketi, picha ya mama yake, vijiwe vimeandikwa maandishi asiyoyaelewa na matangazo ya bendi ya jazi ya mtu anaitwa Herman E. Calloway, na kwa kuyaangalia yale matangazo akaamua mwenyewe kichwani kwamba huyo ndiye baba yake, akaanza safari kumtafuta.

Kinachonisumbua cha kwanza, huyu Bud ana kanuni zake kaziwekea namba, za jinsi ya kuishi na jinsi ya kudanganya watu wazima vizuri, na kila akikutana na mtu mpya anadanganya. Cha pili ndio kizito. Wiki iliyopita natandika kitanda nikakuta mfuko chini ya godoro upande wa ukutani. Ndani kuna picha ya kaka yangu imekunjwa mara nne, kadi yetu ya mgao ya zamani ambayo mimi nilidhani ilipotelea uwanja wa ndege, tochi, soksi jozi mbili, na karatasi kaandika kwa penseli 120 gawanya kwa 5, jibu 24, halafu kapigia mstari chini. Nilikaa pale kitandani miguu imeisha nguvu. Sikumuuliza. Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Nilichukua kitabu usiku ule nikakisoma chote mpaka alfajiri, kingereza changu ni cha kujikongoja ila nilielewa, na kuna sehemu nililia kabisa, ile ya foleni ya uji. Sasa nataka kumwandikia mwalimu ampe kitabu kingine. Je nakosea? Kuna mtu mtoto wake alikisoma akabadilika tabia?

---

Mwl_Kihonda

Pole sana dada, na hongera kwa kulea, kazi hiyo malipo yake yako kwa Mungu. Mimi ni mwalimu Morogoro, hicho kitabu niliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa anajitolea shuleni kwetu nikakisoma mara tatu, na huwa nawasimulia watoto wa darasa la sita kwa Kiswahili vipindi vya mwisho wakiwa wamechoka, kwa hiyo nakijua.

Kuhusu uongo, naomba ukae nacho tena uhesabu anamdanganya nani na kwa nini. Anawadanganya watu wenye nguvu juu yake. Yule mama wa familia iliyomfungia bandani, anamwomba msamaha wa uongo ili wamrudishe kwenye nyumba ya yatima, maana alishajua kwamba katika nyumba ile ukweli haumsaidii. Lakini angalia usiku anapotoka bandani. Anapanda dirishani anaingia jikoni, anaikuta bunduki ya mwenye nyumba, na mtoto kadhalilishwa vile, amevimba uso kwa kuumwa na manyigu kule gizani. Anafanya nini? Anaitoa nje kwenye baraza anaiweka mbali ili wakiamka wasije wakamfukuza nayo. Halafu kisasi chake ni kummwagia yule kijana maji ya vuguvugu aonekane kakojoa kitandani. Basi. Hicho ni kisasi cha mtoto wa miaka 10 aliyelelewa na mama mwenye akili kwa ile miaka 6 aliyopewa.

Hizo kanuni nazo ukizisoma kwa makini utaona nyingi ni za mtoto anayejifunza kuwasoma watu wazima kabla hawajamuumiza. Mtoto mwenye wazazi hazihitaji, ana mtu wa kumkimbilia. Yatima lazima ajue sauti ya mtu ikibadilika inamaanisha nini. Nina wanafunzi wa hivyo, wanajua nimeamka vibaya kabla sijafungua mdomo.

Mimi nisingemwondolea kitabu. Ila na mimi nakuuliza, ile sehemu ya foleni kwa nini ilikuliza? Nataka tu kujua, maana mimi pia ndio huwa inanishika koo.

---

MamaNeema_GR

Mwalimu asante sana. Foleni ni hivi. Bud anafika asubuhi kwenye misheni wanakogawa uji, amechelewa, mlango unafungwa, kuna jamaa anamfukuza. Ghafla baba mmoja kwenye foleni anamwita kwa jina sio lake, anamwambia Clarence mbona umechelewa, rudi huku kwa mama yako. Bud anashangaa kidogo halafu anaelewa, anaingia katikati yao kama mtoto wao. Na baadaye mezani yule mama anatoa sukari ya kahawia waliyoificha kwenye kitambaa anamwekea na yeye kwenye uji.

Mimi kwenye mgao nilishasimama nyuma ya mama mmoja wa Uvira simjui hata jina, kadi yetu ilikuwa na tatizo siku ile, akamshika mkono huyu huyu mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka miwili akamwambia yule wa mlangoni huyu ni wa kwangu. Tulipata unga na maharage. Sijamwona tena yule mama. Sasa nasoma kitabu cha mtu wa Flint nakuta yule mama wangu yumo ndani, ndio maana nililia.

---

dereva_M21

Dada mimi naendesha lori, ghala letu liko Flint na nakuja Grand Rapids mara mbili kwa wiki. Hiyo karatasi usiogope, ngoja nikueleze. 120 gawanya kwa 5 ni hesabu ya Bud mwenyewe, iko kwenye kitabu!! Anaenda maktaba kumtafuta yule mkutubi aliyekuwa anamfahamu, anaambiwa ameolewa amehamia Chicago, anapiga hesabu ya kwenda huko, maili 270 kwa mwendo wa maili 5 kwa saa ni masaa 54, anakata tamaa. Baadaye anapiga ya Flint mpaka Grand Rapids, maili 120, masaa 24. Kwa hiyo mtoto wako alikuwa anafuata hesabu za kitabu, labda hata ni homuweki.

Kwa walioko nyumbani, maili 120 ni kama kilomita 193, yaani sawasawa na Dar mpaka Moro, na huyu ni mtoto anataka kutembea peke yake usiku. Mimi leo kwa gari ni masaa mawili. Ukitaka njia ya zamani unapita M-21, inakatiza Owosso katikati, mji mdogo wenye mto na miti mingi, na ndipo nje ya hapo Bud anasimamishwa na gari saa nane na nusu usiku. Anayeshuka ni mzee mweusi anaitwa Lefty Lewis, anamshawishi kwa mkate wenye nyama na soda nyekundu ajitokeze kwenye majani. Na yule mzee ana hofu ya kweli, anamweleza kwamba mji ule ulikuwa na bango la kuwaonya weusi jua lisiwakute limezama wakiwa hapo. Miji ya namna hiyo ilikuwepo mingi hata huku kaskazini watu wanakofikiri ubaguzi ulikuwa wa kusini tu. Mimi nilipita Owosso miaka miwili bila kujua, mpaka binti yangu aliponisomea ile sura ndani ya gari, nikapunguza mwendo nikaangalia pembeni ya barabara kwenye yale majani.

Kuna kitu kingine kwenye safari ile mtu anaweza kukipita. Polisi anawasimamisha, na kwenye gari kuna boksi lenye matangazo ya chama cha wafanyakazi, wahudumu wa treni za kampuni ya Pullman, mzee anaogopa yasionekane. Hicho chama kilikuwepo kweli, kiongozi wake A. Philip Randolph, kilianza 1925 na kampuni ilikuja kusaini nao mkataba 1937, miaka 12 ya kufukuzwa kazi na kutishwa. Na Flint yenyewe wafanyakazi wa General Motors waligoma kwa kukaa ndani ya kiwanda tarehe 30 Desemba 1936 wakatoka 11 Februari 1937. Mwandishi mwenyewe ni mzaliwa wa Flint 1953, alifanya kazi miaka 13 kwenye kiwanda cha Fisher Body anapachika milango kwenye magari. Kwa hiyo anaandika mji wake na watu wake, na Lefty Lewis lilikuwa jina la babu yake kweli, alikuwa mrushaji mpira kwenye ligi za besiboli za weusi, na babu yake mwingine Herman Curtis alikuwa na bendi.

Kifupi mtoto anajifunza historia ya barabara anayopita kila siku. Mwache asome.

---

Nyota_ya_Kitale

Nimesoma hii yote nikiwa kwa matatu nikapitisha steji yangu. Mimi ni Mkenya, nimekulia Kitale, na dada hii hadithi yako imenikumbusha kitabu tulichosoma sekondari, Siku Njema ya Ken Walibora, kilitoka 1996 na kikawa kitabu cha mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari. Kuna kijana anaitwa Kongowea Mswahili, anakulia Tanga, mamake Zainabu Makame alikuwa mwimbaji wa taarabu, mama anakufa, kijana anateseka na mwisho anashika njia kuja Kenya kumtafuta babake ambaye hamjui. Ukiviweka hivi viwili pamoja unashangaa, Tanga na Flint, taarabu na jazi, mtoto anafuata kamzigo ka kumbukumbu za mamake. Walibora alituacha Aprili 2020, na darasa letu lote tuliandikiana usiku huo, watu tulikuwa hatujaongea miaka kumi na tano. Mtafutie kijana Siku Njema akiwa mkubwa kidogo, aone safari kama ya Bud imeandikwa kwa lugha yake.

Lakini nina neno moja nataka kupinga kidogo. Mimi pia nililelewa na nyanya baada ya wazazi kuondoka. Na vitabu vya aina hii vina shida moja, vinampa yatima mtu mwishoni. Kongowea anamtafuta baba, Bud anamtafuta baba, halafu unafika ukurasa wa mwisho kuna damu yako inakusubiri. Mimi nilisubiri hiyo damu mpaka nikafika miaka ishirini, kila mwanaume mrefu akishuka basi kutoka Nairobi naangalia uso wake kama unafanana na wangu. Hakuna aliyekuja. Kwa hivyo dada ongea na kijana. Sisemi umnyime kitabu, ongea naye tu.

---

Mwl_Kihonda

Nyota, nimekusikia na nimeguswa. Lakini nakuomba ukisome tena ule mwisho wa Bud maana nadhani haupo vile. Kwanza huyo anayemtafuta HAKUWA baba yake. Alipofika kwenye ukumbi wanakofanyia mazoezi akamnyooshea kidole mbele ya bendi nzima, akakuta mzee mwenye tumbo na kichwa cha upara, mkali, asiyemtaka hata kumwona. Ni babu yake, baba wa mama yake, na hakujua kama binti yake alishakufa. Alimbana sana yule binti akakimbia nyumbani miaka 11 nyuma, na kila mji anaokwenda kupiga muziki alikuwa anaokota jiwe anaandika jina la mji na tarehe, kwa sababu binti yake alipokuwa mdogo ndilo alilokuwa anaomba baba akisafiri. Ameendelea kuokota miaka yote hiyo, kabati dogo la mbele ya gari limejaa mawe. Yule mzee naye alikuwa anasubiri damu yake irudi, na iliyorudi ni habari ya msiba. Anafunga mlango analia. Kitabu kinaisha huyo mzee bado hajajua amwambie nini mtoto.

Wanaompokea Bud siku ya kwanza ni Bi Thomas, mwimbaji wa bendi, na wale wapiga vyombo, wala hawajui kama ni ndugu. Wanamlisha hotelini mpaka anaanza kulia hawezi kunyamaza, halafu Steady Eddie, mpiga saksofoni wao, anampa begi la saksofoni aweke vitu vyake na baadaye bendi inamnunulia chombo na kumpa jina. Hao ndio waliokaa naye, na sio damu yake.

Na dada, kuna jambo moja la jina. Bud maana yake ni tumba, lile ua kabla halijafunguka, sisi tungesema chipukizi. Mama yake alimweleza hivyo na akamkataza asikubali mtu amwite Buddy, ndio maana kitabu kimeitwa vile. Huyu mtoto hana mali yoyote duniani lakini anajua mama yake alimwita nani na kwa nini. Mtoto wenu anajua?

---

mama_batatu_Lansing

Dada, usimukataze mutoto hicho kitabu. Batoto bangu bawili bote balikisoma ku masomo, mukubwa alianza kuandika sheria zake mu kaye kama Bud, namba moja mupaka namba makumi mbili, mimi nikaogopa kama wewe. Siku moja nikamuomba anisomeye. Sheria ya tatu ilikuwa mama akitoka ku kazi miguu inamuuma kwanza muletee maji. Nililia. Uliza mutoto wako, atakuambia, banajua kusema tukibauliza muzuri.

---

Nyota_ya_Kitale

Mwalimu umenishinda hapo kwa mawe. Nilisoma haraka nikaona tu "amepata familia", sikufikiria upande wa yule mzee. Nitakirudia.

---

MamaNeema_GR

Wapendwa nimerudi, samahani nimechelewa, kazini tumekuwa na zamu za ziada wiki hii.

Jumamosi nilimwita jikoni tukiwa wawili, wale wengine wako nje. Niliuweka ule mfuko mezani sikuufungua. Aliuangalia, akaniangalia mimi, nikaona kabisa anahesabu sauti yangu kama mwalimu alivyosema. Nikamwambia sijakasirika, nataka tu kujua ulikuwa unaenda wapi.

Akashangaa. Akasema siendi popote shangazi. Nikamwambia na masaa 24? Akanieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto, kwamba Bud ndiye alikuwa anatembea, na alikuwa anatoka Flint anakuja HUKU. Akanyoosha kidole chini sakafuni. Anakuja kwetu Grand Rapids, na sisi tulishafika, alisema hivyo hivyo, sisi tulishafika. Hizo soksi na tochi nikamuuliza za nini, akasema mwalimu aliwaambia kila mtoto aandae sanduku la Bud, aweke vitu ambavyo hawezi kuviacha nyumba ikiungua. Alikuwa ameuficha kwa sababu ya ile kadi ya mgao, aliichukua kwenye bahasha yangu siku tunaondoka kambini kwa vile jina la baba yake limeandikwa pale kwa mkono, na alijua niliitafuta. Miaka sita kaiweka.

Halafu nikamuuliza lile la mwalimu, kama anajua mama yake alikuwa anamwitaje. Hakujua. Alikuwa mdogo sana, na mimi kwa miaka yote hii nilidhani kutomtaja mama yake ni kumlinda. Nikamwambia mama yako alikuwa anakuita Mzee, kwa sababu umerithi jina la babu yetu, na ulikuwa unapenda kukaa kimya umeshika kidevu kama mtu anayesikiliza kesi. Kila mtu pale kwetu alikuwa anakuja mlangoni anauliza, Mzee ameamka? Alicheka mpaka akainama. Akauliza, hata baba aliniita hivyo? Nikamwambia baba yako ndiye aliyeanza.

Aliandika hilo neno kwenye karatasi nyuma ya ile hesabu akairudisha kwenye mfuko. Jana nimemsikia anamwambia mdogo wake, niite Mzee, mdogo wake akakataa wakaanza kugombana.

Mwalimu wake sijamwandikia. Mtoto amebakiza sura mbili hajui kama yule ni babu, tafadhali dereva ukipita kwetu usije ukamwambia. Leo zamu yangu inaanza saa nne usiku, tutasoma moja kabla sijatoka.